Mwaka Tuliomtundika Kunguru

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri, na hizo simu mziweke chini. Sitasema mara mbili. Shule niliiacha darasa la nne, mkono wangu wa kuandika ni mzito, na kila mstari hapa nimeutolea jasho. Someni polepole kama ninavyoandika.

Nataka kuwaeleza habari za kunguru. Najua mtacheka. Kunguru mnaowajua nyinyi ni hawa wa hapa mjini, Kilakala, wenye shingo ya kijivu, wanaokaa juu ya tangi la maji nyumbani kwa binti yangu na kuchungulia sufuria. Hao ni wageni. Walikuja na barabara kutoka pwani, wakatua Mikese kwenye mabaki ya abiria, wakaona pazuri, wakasogea. Nilipokuwa msichana, nikishuka mjini na mama kuuza ndizi, sikuwahi kumwona hata mmoja. Hao wakibeba dagaa wenu, fukuzeni, mimi simo.

Wako tena wale wenye fulana nyeupe kifuani. Nao siwasemei. Na huko juu mlimani nilikozaliwa yuko yule mkubwa, mdomo mnene kama nyundo, ana doa jeupe kisogoni. Yule hukaa wawili wawili kwenye majabali, na sauti yake ni ya mtu mwenye mafua. Tukiwa watoto tulimheshimu kama tulivyomheshimu mzee asiyependa kelele.

Ninaowasemea ni wadogo. Weusi tupu, kuanzia kucha hadi mdomo, na mdomo wenyewe mwembamba kama sindano ya magunia. Weusi wao ukipigwa na jua unang'aa kama mafuta. Hawakai mlimani, hawakai mjini. Wanakaa kwenye nchi kavu, kwenye nyika, ambako mvua inakuja ikipenda na miti ni migunga. Sisi tuliwakuta ng'ambo ya Mlali, unapouacha mlima mgongoni na kuelekea mbuga za Mkata. Jina lao la kitabuni silijui. Tuliwaita kunguru wa nyika, inatosha.

Tulishuka huko miaka ile simu za mkononi zilipoanza kufika, na ukitaka mtandao unapanda kichuguu. Mnaniuliza kila siku kwa nini tuliacha mlima wenye maji na ubaridi tukaenda kwenye vumbi. Nitawaambia. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Kipande chetu kilikuwa cha lukolo, yaani cha ukoo wa mama yangu, na msimamizi alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Kipande kilikuwa kimebaki chembamba kama kanga iliyokunjwa, kimelala kwenye mteremko, kila masika udongo unatelemka mtoni. Na mwaka ule binti yangu mkubwa alikuwa ameachika. Alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, mwanamke kijana mwenye nguvu zake, na mimi sikuwa na pa kumpa hata pa kuchomeka mgomba mmoja. Nilikuwa nikimwona jioni ameketi kizingitini, anatazama shamba la mama yake kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Hilo ndilo lililonishusha.

Kijiji cha huko nyikani kilikuwa kinagawa pori kwa atakayelima. Nikaenda kwa mjomba kuaga.

Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Nenda, mwanangu. Kipande chako hapa nitakishika mpaka nione mambo yenu. Mkiota mizizi huko, nitampa mdogo wako. Mkishindwa, nitawafuata mwenyewe, mtarudi. Sitaki watoto wa dada yangu wafe njaa porini huku watu wananitazama mimi."

Nikamwambia, "Hatutashindwa, mjomba."

"Nyika haijui hilo," akasema, akarudi kwenye magimbi yake.

Basi tukashuka. Mimi, mume wangu, binti yangu na mtoto wake mchanga. Mume wangu alikuwa mtu wa mlimani mwenzangu, hodari wa jembe, mpole, lakini mbishi kwenye kazi. Alivaa kofia ya kufuma aliyoipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Siku ya kwanza tu, kabla hatujamaliza kufunga paa la nyasi, akaja jirani. Mwanamke mrefu, mkavu, rika langu, anacheka kama mwanamume. Alikuwa Mkaguru wa upande wa Gairo. Tukaulizana koo, na kumbe ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za bibi zetu. Alipojua hivyo, heshima yote ikaisha palepale.

"Waluguru wameshuka!" akapiga kelele kama vile anaita watu, na hapakuwa na mtu. "Kulikoni huko juu, magimbi yamewachoka?"

"Tumesikia huku kuna Wakaguru wanakula vumbi," nikamjibu, "tumekuja kuwafundisha ugali."

"Ugali wa kitu gani? Nyinyi mnaojua kulima mkiwa mmeshika mti msianguke! Hapa ni tambarare, mama, mtapata kizunguzungu."

Binti yangu alinikazia macho, maana alikuwa hajazoea utani wa wazi namna ile. Nyinyi siku hizi mtu akikutania unamfungia kwenye simu. Sisi mtani ni mtu wa kukutukana na kukuzika. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha waliao, anachukua kitu chako mbele ya macho yako na huruhusiwi kukasirika. Akiingia kwako akabeba kuku, kabeba. Nawe siku ukienda kwake, ni vilevile.

Tulifyeka, tukachoma, tukang'oa visiki. Hapo ndipo nilipowajua wale kunguru. Tukianza kulima asubuhi wanatoka kwenye mgunga mkubwa uliokuwa ukingoni mwa shamba, wanashuka nyuma ya majembe yetu. Hawarukiruki kama ndege wengine. Wanatembea, mguu kwa mguu, kama wakaguzi, wanaokota funza tuliowafukua. Ukigeuka ghafla, anasimama, anakutazama kwa jicho la upande, anangoja uendelee na kazi. Jua likipanda wanarudi mtini, na hapo huanza mazungumzo. Si kelele za kunguru wa mjini. Huyu anavimbisha manyoya ya koo, anainama kama anayesalimia, anatoa sauti ya maji yanayochemka kwenye chungu, na mwenzake anamjibu taratibu. Wanaweza kuendelea hivyo mchana kutwa. Mjukuu wangu alijifunza kuwaiga kabla hajajua kusema mama.

Mume wangu aliwapenda mwanzoni. Alikuwa akisema, "Hawa ni vibarua wasiodai chakula."

Nikamwambia, "Ngoja tupande."

Mvua ya kwanza ilikuja ikanyesha kidogo, ikalowesha vumbi, ikaondoka. Tukapanda. Mbegu za mahindi tulishuka nazo kutoka mlimani. Mume wangu alitaka shamba lenye sura. Akavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, mistari ikanyooka kama imepigwa rula, shimo kwa shimo, mbegu, udongo, unyayo juu yake. Huko mlimani ukipanda ovyo watu wanakusema. Jioni tulisimama sote tukatazama, na kweli lilikuwa shamba zuri. Binti yangu alikuwa na mtoto mgongoni, nikamwona anatembea ukingoni akipima kwa macho. Nilikuwa nimemwambia asubuhi ile kwamba likiota, hili ni lake, mimi na baba yake tutakuwa wapangaji wake. Alicheka, cheko la kwanza tangu aachike.

Kulipokucha kunguru walikuwa kwenye mistari. Huyu kwenye wake, yule kwenye wake, wanatembea. Anafukua shimo, anameza, anapiga hatua, anafukua la pili. Hakuwa na haja ya kutafuta, maana tulikuwa tumempangia.

Tukapiga kelele, tukapiga madebe. Wanaruka hadi mtini, wanangoja, wanashuka upande mwingine. Shamba lilikuwa pana, sisi wachache.

Hapo mume wangu akakumbuka dawa ya mlimani. Huko juu, kunguru mkubwa akizoea shamba, watu humnasa mmoja, wakamtundika kwenye mti mrefu katikati, mabawa wazi. Mwenzake akimwona hasogei tena, maana wako wawili tu. Tulikua tukiona inafanyika. Mume wangu akasuka tanzi, akalitega kwenye mstari, akanasa mmoja wa wale wadogo. Akamuua, akamfunga juu ya mti mrefu, akausimika katikati ya shamba.

"Sasa watajua," akasema, akajifuta mikono.

Mimi pia nilikuwa nataka iwe hivyo.

Kunguru wa kwanza aliyepita akaona. Akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwao, mkali, wa kukatakata, akawa anazunguka juu ya ule mti. Wa mgungani wakaja wote. Nikafikiri sawa, wataogopa, wataondoka. Hawakuondoka. Wakaendelea kuita, na kutoka upande wa Mkata wakaja wengine, na kutoka upande wa Mlali wakaja wengine, makundi ambayo hatukujua yapo. Mchana ulipofika mbingu yetu ilikuwa nyeusi. Wanazunguka, wanalia, wakichoka wanatua. Na wakitua wanatua wapi? Shambani. Na wakitua shambani, mbele ya mguu kuna nini? Mbegu. Ndege wa mlimani ni wa wawili wawili. Hawa ni wa ukoo. Ukimuua mmoja unaita nyika nzima.

Mume wangu alikuwa akikimbia huku na huku na fimbo, kofia imekaa upande, na mimi nikapiga debe mpaka likapasuka. Binti yangu alikaa chini kando ya nyumba, amemkumbatia mtoto, akajifunika uso na kanga.

Jirani akatokea njiani. Alikuja taratibu, amejifunga kanga kichwani kama mtu anayekuja matangani. Akasimama ukingoni.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa," mume wangu akajibu kwa hasira.

"Hakuna? Na watu wote hawa wamekuja kufanya nini?" Akaonyesha juu. "Mmeanika maiti juani, mmepiga mbiu, ndugu wamefika mpaka wa Gairo. Sasa wapikieni wafiwa!"

"Wanajipakulia wenyewe," nikasema. "Huoni?"

"Naona. Waluguru mna ukarimu, jamani! Na mmewachorea na barabara, wasipotee njia."

Kisha akaingia shambani, akapita katikati ya kunguru kama hawapo, akaangusha ule mti, akamfungua marehemu. Akambeba mikononi hadi kichakani, mbali na mahindi, huku analia kilio cha uongo cha utani, sauti juu: "Mweusi wangu ee! Umeuawa na watu wa magimbi! Hawakukuombea hata ruhusa, ee!" Akachimba kwa kipande cha mti, akazika, akafukia na mawe. Alipomaliza akaja moja kwa moja kwa mume wangu, akamvua kofia, akaivaa yeye.

"Ada ya mzishi," akasema.

Mume wangu alijipapasa kichwa kitupu. Binti yangu, palepale na machozi usoni, akaanza kucheka, akacheka mpaka mtoto akashtuka. Mimi mwenyewe nilicheka, nikiwa na shamba tupu mbele yangu. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, mjue.

Sisemi kwamba kunguru walielewa maziko. Nasema tu kwamba maiti ilipotoka machoni pao kelele zilipungua, na jioni wale wa mbali waliondoka, mgunga ukabaki na wenyewe.

Lakini mbegu zilikuwa zimekwisha. Tulizobakiza nyumbani hazijazi kikombe. Mume wangu alikaa akiwa kichwa wazi, akasema kwa sauti ya chini, "Turudi, mama watoto. Kabla mjomba hajasikia."

Nilikuwa namtazama binti yangu. Alikuwa ameshaanza kukunja nguo za mtoto, bila kuambiwa.

Kuomba mbegu tusingeweza. Tulikuwa tumeshuka kwa kujitapa, na mume wangu alikuwa afadhali ale majani kuliko kusimama mlangoni kwa mtu na bakuli. Jirani alikuwa bado hajaondoka. Akatutazama sote, mmoja mmoja, kisha akajitanda kanga mabegani, akasema kwa ukali:

"Haya, mimi naenda. Na jikoni kwangu msije! Nimening'iniza mbegu juu ya meko, fupi za huku kwetu, zinazowahi mvua. Zinanitosha mimi na wajukuu zangu tu. Waluguru nawajua, wezi wakubwa. Na mlango wangu haufungi vizuri!" Akaondoka na kofia ya watu kichwani.

Binti yangu alikasirika. "Mama, umesikia alivyotuita?"

"Nimesikia," nikamwambia. "Chukua kapu."

Tulimkuta amekaa nje ya nyumba yake, ameupa mlango mgongo, anapukuchua kunde. Shikamoo ya binti yangu akaiitikia. Hakugeuka. Sisi tukapita, tukaingia jikoni. Mahindi ya mbegu yalikuwa juu ya meko, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi, hakuna mdudu atakayeyagusa. Tukaanza kuyaangua.

"Wezi!" akapiga kelele nje, bila kuinuka. "Jamani, wezi! Njooni muone, Waluguru wananimaliza!"

Binti yangu akataka kurudisha. Nikampa jicho.

"Hayo ya kushoto yameliwa na fukusi!" sauti ikaendelea. "Mwizi gani huyu hajui kuchagua! Chukua ya ndani, mjinga wewe!"

Tukachukua ya ndani. Tulipotoka na kapu limejaa, akatutupia punje ya kunde, ikampata binti yangu shingoni. "Mkishapanda bila mistari," akasema, "mkae shambani mpaka mche ufike kifundo cha mguu. Kunguru hana shida na jani. Anataka punje iliyovimba. Ikiisha nguvu chini, atarudi kwenye funza wake. Sasa nendeni, nimechoka kuibiwa."

Tukapanda upya. Hakuna kamba. Mume wangu aliumia moyo kuona mashimo yamesambaa kama mtu aliyemwaga dengu, lakini alipanda. Na kabla jua halijachomoza tukaanza kuamia, maana ndivyo kulinda shamba na ndege kunavyoitwa. Mume wangu alijenga dungu, jukwaa la miti lenye kivuli cha nyasi, tukawa tunapokezana juu yake na manati na debe jipya.

Nyinyi mnadhani ninachokumbuka ni taabu. Si taabu. Siku zile za kuamia ndizo ninazozitamani hata leo, nikiwa nimekaa hapa Kilakala kwenye kochi, nikisikia wasichana wa shule wanapita wakicheka. Kule hewa ya alfajiri ilikuwa na harufu ya vumbi lililolowa. Mlima ulikuwa nyuma yetu wa bluu, wingu limelala begani kwake, na nilikuwa nikiutazama bila kuumia. Mume wangu anapanda dungu na kikombe cha uji, ananipa, anakaa kando yangu. Tulikuwa tumeoana miaka mingi, na huko mlimani tulikuwa hatukai pamoja mchana, kila mtu na kazi yake. Nyikani tulikaa. Tunatazama kunguru, kunguru wanatutazama. Yeye alianza kuwatofautisha. Yule mwenye bawa lililochanika, yule anayechelewa kuamka, wale wawili wasioachana, wanaochanana manyoya ya kichwa kama wanawake wanaosukana. Siku moja akaniambia, "Nikikumbuka yule niliyemtundika, naona haya."

"Umeshazikiwa," nikamwambia. "Na umelipa kofia."

Akacheka kimyakimya, mabega yanatikisika. Huyo mtu sasa yuko chini ya udongo huohuo. Mara ya mwisho nilipopelekwa kule kwa pikipiki, nikimshikilia dereva kama mtoto, nilikuta mgunga umekwisha, umechomwa mkaa. Kunguru wadogo sikuwaona. Nilimwuliza kijana mmoja anayechunga, akaniambia labda wako mbele huko, Ugogo, kwenye ukavu zaidi. Wa fulana nyeupe walikuwepo. Wale wangu, hapana. Nilisimama pale nikasikiliza kwa muda, dereva akawa anapiga honi.

Haya, nirudi. Kwenye gulio la Mlali palikuwa na watu wa kwetu wanaoshusha ndizi. Habari za kunguru aliyetundikwa na mbegu zilizoliwa zikapanda mlima na makapu matupu. Mjomba akasikia. Mjomba alikuwa amesema atatufuata mwenyewe, na alikuwa mtu wa kufanya alichosema.

Alikuja asubuhi, juu ya lori linaloenda kupakia nyanya, amevaa koti lake la Ijumaa. Dereva alikubali kuingia hadi kwetu kwa heshima ya mzee. Mimi nilikuwa kwenye dungu. Nilipofika nyumbani nikakuta mume wangu ameshika mkono wa mjomba kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kitupu, na binti yangu anafunga magodoro. Mtu mzima kasema, nao wamesikia. Masufuria yalikuwa yameshapanda garini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Panda, mwanangu. Dereva ana haraka."

"Njoo kwanza uone shamba."

"Nimeliona kutoka juu ya gari. Jekundu."

Na kweli, ukitazama kutoka mbali lilikuwa jekundu, udongo mtupu. Lakini mimi nilikuwa nimetoka huko sasa hivi. Nilikuwa nimechuchumaa chini, nikaona udongo umepasuka, na kwenye mpasuko kuna ncha, nyembamba, imejiviringa kama karatasi ya sigara. Kisha nyingine. Kisha popote nilipotupa jicho. Punje zilikuwa zimevimba na zilikuwa zinatoka. Zilikuwa zimebaki siku chache za hatari, zile ambazo kunguru anazitaka, na sisi tulikuwa tunafunga magodoro.

"Zimeota, mjomba," nikasema.

"Zimeota leo. Kesho ndege, keshokutwa jua." Akanisogelea, akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuliko ukali. "Sikiliza. Mdogo wako anasubiri jibu. Ukipanda gari hili, kipande chako kiko palepale. Ukibaki, nikifika nampa yeye. Siwezi kushikilia ardhi ya lukolo kwa ajili ya mtu anayelisha kunguru. Ukija kulia baadaye sitakuwa na pa kukuweka."

Mume wangu akasema, "Mama watoto, mjomba amesema kweli."

Nikawatazama. Kipande cha mlimani nilikijua kila jiwe. Kilinitosha mimi. Nikamtazama binti yangu, amesimama na kamba ya godoro mkononi, ananitazama kinywani. Hakuniomba kitu. Nadhani alikuwa ameshajifunza kutoomba. Mtoto alikuwa chini karibu na miguu yake, amekaa kwenye vumbi, anaongea na mgunga kwa sauti ile ya maji yanayochemka, na mgunga unamjibu.

Kunguru walikuwa wameanza kushuka. Mmoja, kisha wawili, wanatembea ukingoni, wanatukagua, maana dungu lilikuwa tupu.

"Mpe mdogo wangu," nikamwambia mjomba. "Mpe leo."

Dereva akawasha gari. Mimi nikawageukia watu wa nyumbani kwangu, nikapaza sauti ili wote wasikie, na dereva naye:

"Shusheni masufuria! Wewe, fungua hilo godoro, hakuna anayekwenda popote. Baba watoto, chukua manati urudi juu ya dungu kabla hawajafika katikati. Na mjomba mpeni uji, mpeni na debe. Kesho alfajiri zamu ya kwanza ni yake."